Magoti ya Bwana Yangu

Nianze na lililonikera kuliko yote: bwana yangu alikuwa hajui kuvua kilti. Kuvaa alijua, tena sana. Kilti ni ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, ya sufu nzito yenye miraba, bapa mbele na marinda nyuma, na kuivaa kuna taratibu zake: mikanda ya huku na huku, pini ya ubavuni, kipochi cha manyoya cha kuning'inia mbele, soksi ndefu za kukunjwa chini ya goti. Hayo yote angeyamaliza kabla chai haijachemka. Lakini kuvua, ng'o! Akishaivaa asubuhi ya Jumamosi, ujue utashinda nayo nyumbani mpaka mtu mzima anapokwenda kulala.

Najua mtu atauliza, Mkenya wa milimani na kilti, wapi na wapi? Watanzania niliofahamiana nao huku Marekani walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kwetu si ajabu hata kidogo. Kanisa letu lililetwa na wamisionari wa Kiskoti, na walipoondoka waliacha shule, hospitali, na brigedi ya vijana yenye ngoma na zumari za mfuko. Zumari ya mfuko ni ile unayoikumbatia kwapani, unapuliza, unakamua, na inaendelea kulia hata ukivuta pumzi. Basi vijana wa kijijini, wana wa wakulima wa chai, walikuwa wakipanga mstari siku ya sikukuu wakiwa na kilti zilizoshonwa na fundi wa sokoni, wakapiga nyimbo za Skoti kutoka lango la kanisa hadi kwenye mlingoti wa bendera. Bwana yangu alikuwa mbele yao. Nilimwona hivyo mara ya kwanza, mashavu yamemjaa, magoti yanang'aa kwa mafuta. Sitadanganya, nilimpenda na magoti yake.

Ila pale palikuwa na sheria. Wimbo wa mwisho ukiisha, kilti zilivuliwa katika chumba cha nyuma ya kanisa, zikakunjwa, zikafungiwa kabatini. Kapteni wa brigedi, mwalimu mmoja mkali ajabu, alikuwa akisema hiyo ni nguo ya kazi, na kazi ikiisha mtu anarudia nguo zake. Kijana aliyethubutu kuondoka nayo akajionyeshe kwa wasichana alichapwa mbele ya wenzake. Kwa hivyo jamani, mimi sikuolewa na mtu wa kilti. Niliolewa na mwalimu wa jiografia mwenye suruali zake.

Tulipofika Marekani tulipanga fleti Springfield, upande wa Virginia, dirisha likitazama yale makutano ya barabara kuu ambayo miaka yote hiyo yalikuwa yanajengwa, daraja juu ya daraja, tingatinga zikinguruma tangu alfajiri. Mimi nilipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Yeye na jiografia yake alipata kazi katika maegesho ya magari, chini ya jengo la maofisi huko mjini. Alikuwa anapokea funguo, anaegesha gari, anarudisha funguo. Hakulalamika. Alikuwa anarudi nyumbani, ananawa harufu ya moshi wa magari, anauliza binti yetu ana homuwaki gani, basi.

Sasa siku moja mzee mmoja wa Kimarekani alikuja kuchukua gari lake, akafungua buti aweke mizigo, na ndani kulikuwa na zumari ya mfuko. Bwana yangu akamwambia, hiyo naijua. Yule mzee akacheka, akidhani ni utani wa mtu wa maegesho. Akampa aijaribu. Nasikia mlio ulipanda na ngazi mpaka maofisini, watu wakapiga simu kuuliza kuna nini huko chini, na yule mzee akabaki ameduwaa na kofia mkononi. Alikuwa kiongozi wa bendi ya zumari, mtu aliyestaafu kazi ya zimamoto. Kabla ya mwezi kwisha bwana yangu alikuwa ameshapewa kilti ya bendi, nyekundu na kijani kibichi, na mimi nikawa nimepata mke mwenza.

Mwanzoni nilifurahi, wacha niseme ukweli. Bendi ilikuwa ikiitwa kwenye magwaride, kwenye harusi, zaidi kwenye mazishi, maana Wamarekani wengi wanapenda kuzikwa na zumari. Nilimwona bwana yangu akitembea na mgongo ulionyooka, jambo ambalo nilikuwa sijaliona tangu tushuke kwenye ndege. Lakini gwaride likiisha saa sita, kilti iliendelea. Tukienda kununua unga, kilti. Tukienda kufua nguo kule chini ya jengo, kilti. Aliwahi kwenda nayo kwa fundi wa gari, akalala chali akamwonyesha fundi kinachovuja, nami nikaingia garini nikajifunika uso kwa gazeti.

Nilidhani labda ndio desturi yao, nikaamua kuwachunguza wenzake. Wakati wa kiangazi bendi iliandaa nyama choma kwenye bustani, nikakaa na wake zao nikiuliza kijanja. Kumbe kila mtu na lake! Yule kiongozi, wimbo wa mwisho ukikatika tu, alikuwa akifungua mlango wa gari, akajikinga nao, na akatoka upande wa pili amevaa jinzi. Alisema sufu inamwasha mapaja na hataki kuivaa hata dakika moja ya bure. Mpiga ngoma mmoja alikuwa anaivaa mpaka bia ya mwisho, kisha mkewe anamvua. Mwingine alisema kilti haipaswi kuonekana baada ya jua kuchwa ila kwa dansi. Mimi nikawaambia msimamo wangu: kilti ni kama glavu za hospitali. Unavaa kwa kazi, kazi ikiisha unavua, hutembei nazo sokoni. Wanawake walinipigia makofi. Nikamfuata kiongozi nikamwomba aongee na bwana yangu.

Akaniangalia kwa huruma. Akasema hilo la muda ni hiari ya mtu, hawezi kuliingilia. Yeye anasimamia urefu peke yake. Ukingo lazima uishie katikati ya goti, si juu, si chini, na hata namna ya kupima walikuwa nayo: mtu anapiga magoti sakafuni na ukingo wa kilti hautakiwi kugusa chini. Halafu akanisifia kwamba mume wangu ndiye aliyeipatia kuliko wote. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimechemka.

Maana hata huo urefu ulikuwa kesi nyumbani. Mimi nilitaka ishuke mpaka iyafunike magoti kabisa, kwa sababu kwetu mtu mzima haketi mbele ya wakwe na wazee magoti nje. Nikamwambia angalau ikunjue upindo. Akanionyesha, kwa subira ya mwalimu, kwamba kilti haina upindo wa kukunjuliwa. Ukingo wa kitambaa ndio huo huo mwisho wake, umefumwa hivyo. Basi ishushe kiunoni, nikasema. Akasema ikishuka kiunoni marinda yanakaa vibaya nyuma, na mtu anaonekana kama amevaa blanketi. Nikamwambia afadhali blanketi. Binti yetu, ambaye Kiswahili alikuwa anakielewa chote na hakijibu hata kidogo, alisema kwa Kiingereza kwamba sisi wote wawili tunamwaibisha, akafunga mlango wa chumba chake.

Aibu yenyewe niliipata Bowie, mji mdogo ng'ambo ya pili ya jiji. Kulikuwa na familia ya Kikenya iliyofiwa, na kama ilivyo desturi yetu, tulikutana nyumbani kwao kuomba na kuchanga ili maiti isafirishwe nyumbani. Bwana yangu alitoka kwenye gwaride moja kwa moja. Nilimpigia simu njiani nikamsihi abadilishe. Akasema nitabadilisha. Hilo neno, nitabadilisha, nimelisikia mpaka linaniwasha masikio. Akafika na kilti yake, kofia na manyoya, akakaribishwa kwenye kochi la chini, lile ukikaa magoti yanapanda juu ya tumbo. Mkabala naye alikuwa ameketi shosho mmoja, bibi kizee, mama wa wafiwa, aliyekuja kutoka nyumbani kutembelea wanawe.

Shosho alimtazama. Akatazama pembeni. Akatazama dari. Kisha akainuka taratibu, akafungua leso, ile khanga aliyojifunga kiunoni, akavuka zulia mbele ya watu wote, akaitandaza juu ya magoti ya bwana yangu, akaichomeka vizuri huku na huku, kama anavyofanyiwa msichana aliyekuja kanisani na sketi fupi. Akampigapiga goti. Akarudi kukaa. Mchungaji aliyekuwa anaomba akarukia Amina.

Woi! Nilitamani zulia linimeze. Kwetu mwanamke akikutandazia leso namna hiyo, ameshakusema, hana haja ya kufungua mdomo. Mwanamume mwingine angeomba radhi akaondoka. Wangu alisema, asante sana shosho, kulikuwa na baridi. Akakaa na ile leso ya maua mekundu mapajani mpaka wali ukaisha, akazungumza na watu, akachekesha watoto. Na unajua kilichoniuma zaidi? Wakati wa kuondoka watu walipanga foleni kupiga naye picha. Wafiwa wenyewe! Mimi ndiye niliyepika zile sufuria zote za wali, na hakuna aliyeniuliza nimeondoka saa ngapi.

Hapo ndipo kilti ilipoanza kunikaba koo. Ilikuwa si magoti tena. Miaka hiyo yote, baada ya kuogesha wazee wa watu, mimi nilikuwa nasomea unesi katika chuo cha jirani. Nilisoma nikiwa nimechoka mpaka herufi zinacheza. Meza yetu ilikuwa moja, na kila wiki kilti ilitandazwa juu yake ipigwe pasi, rinda baada ya rinda, kwa kitambaa kibichi, nyumba nzima ikinuka kondoo aliyenyeshewa. Mimi nikabeba vitabu vya mifupa na mishipa nikasomee kitandani, nikilala navyo. Kila mahali tulipokwenda watu waliniuliza habari za bendi. Bendi inaendeleaje? Bendi itapiga wapi? Hakuna aliyewahi kuniuliza mtihani wangu ulikwendaje. Hata mchungaji alinitambulisha kwa wageni, huyu ni mke wa yule bwana wa kilti.

Basi nilipofaulu mtihani wa mwisho, na chuo kikatuambia kutakuwa na sherehe ya kuvishwa pini, niliapa kwamba siku hiyo itakuwa yangu. Pini ni kitu kidogo cha dhahabu kinachochomekwa kifuani, ndiyo alama kwamba umekuwa nesi kamili. Kila mhitimu anaitwa jukwaani na mtu wake wa karibu anapanda kumvisha. Tulipewa tiketi mbili kila mmoja, ukumbi ulikuwa mdogo. Nikamchagua binti yetu anivishe. Bwana yangu nilimpa kiti. Sikutaka apande jukwaani, nasema wazi, kwa sababu nilijua akipanda na kilti yake ukumbi mzima utamshangilia yeye, na mimi nitabaki kama mwiko kando ya sufuria.

Nikamkalisha mezani. Nilimwambia, "Mzee, sikuombi kitu kingine maisha haya. Siku hiyo njoo na suruali."

Alikuwa anasafisha filimbi ya zumari kwa kitambaa.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama." Akaendelea kusugua. "Kuna bwana mmoja ambaye ananipa funguo zake kila asubuhi. Miaka, si siku. Juzi nilikutana naye juu, kwenye lifti, nimevaa koti langu la kawaida. Nikamsalimu. Akaniuliza kama nimepotea, kama natafuta ofisi gani." Akaiweka filimbi chini. "Nikivaa hii, watoto wananipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Watu wananiona."

Ningekuwa mtu mpole hapo ningemshika mkono. Lakini nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Nikamwambia, "Na mimi nani ananiona? Hebu niambie! Wewe unataka uonwe na Wamarekani wangapi? Mimi ndiye mkeo. Njoo na suruali, nitakuona. Mimi siwezi kukukosa hata ungekaa nyuma ya nguzo."

Akaokota filimbi yake. Akasema, "Haya." Mimi sikumwamini.

Siku ilipofika, alikuwa na mazishi ya asubuhi kulekule Bowie. Akaondoka amevaa kilti kamili, na mkoba wa zumari begani. Nilisimama mlangoni na sare yangu nyeupe, mikono kiunoni.

"Unaenda na hiyo?"

"Kuna mtu anazikwa, mama. Nitabadilisha."

"Utabadilisha wapi?"

"Usijali."

Usijali! Nilitaka kumrushia kiatu. Mimi na binti tukapewa lifti na mwanafunzi mwenzangu. Njia nzima nilikuwa naandaa maneno ambayo ningemwambia akitokea na magoti yake. Niliyapanga vizuri, nikayarudia moyoni, mpaka binti akaniuliza mbona midomo yangu inacheza.

Ukumbi ulikuwa wa joto na umejaa. Wahitimu tulikaa jukwaani tukiwatazama watu, na wale watakaovisha pini walikaa mbele kabisa, wametupa uso na kuwapa wengine mgongo. Nikaanza kumtafuta. Kwanza nilitafuta manyoya ya kofia, maana yale yanaonekana kutoka mbali. Sikuyaona. Nikatafuta wekundu na kijani. Nikapita mstari kwa mstari, akina mama na mashada, akina baba na kamera, watu wa suti, watu wa fulana, watoto wanaolia. Hakuna. Nikatazama milango. Kila mmoja ulipofunguliwa nilinyoosha shingo, akaingia mtu mwingine.

Nikajiambia barabara imefungana. Ile barabara ya kuzunguka jiji ikishikana pale Greenbelt, unaweza kuzeekea humo. Halafu nikajiambia hapana, barabara gani? Amebaki huko. Marehemu amezikwa, watu wamemzunguka, wanapiga naye picha, na yeye amesahau ana mke. Ile hasira niliyoiandaa kwa ajili ya magoti ikaondoka, ikaja nyingine kubwa zaidi. Angalau angekuja na hiyo kilti yake, nikasema moyoni, ningemgombeza nikajua yupo. Niliwatazama watu tena tangu mwanzo, mara ya pili, polepole. Kiti cha karibu na njia kilikuwa na mzee wa suti ya kijivu, nyuma yake mama wa Kihindi na wanawe. Bwana yangu hakuwapo.

Jina langu likaitwa. Binti akapanda, akanichomeka pini, akanichoma na ngozi pia. Nikamnong'oneza, baba yako yuko wapi? Akainua mabega. Kila mhitimu alikuwa anapewa kipaza sauti aseme shukrani kidogo. Wenzangu walikuwa wamelia, wamewashukuru waume zao kwa kupika na kulea watoto. Nikakishika. Nilisema namshukuru Mungu. Nilisema namshukuru mama yangu aliye Kenya. Kisha nikamshika binti yangu bega nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua ni yangu, kwamba namshukuru zaidi huyu, kwa sababu yeye amekuja.

Watu wakapiga makofi. Nakumbuka mtu mmoja alisimama akipiga, na wengine wakasimama baadaye. Mimi nilikuwa natazama mlango.

Nje, kwenye ngazi, watu walikuwa wanakumbatiana na kupigana picha. Nilishuka haraka, simu ya kukunja sikioni, nikimpigia ili nimwambie asihangaike kuja tena. Simu ikalia karibu nami. Binti ndiye aliyegeuka kwanza, akapaza sauti, "Dadi!" Na mtu aliyesimama kando ya nguzo, mwenye suti ya kijivu na maua yaliyofungwa nailoni, akatoa simu mfukoni, akaizima.

"Hongera, sista," akasema. Kwetu nesi anaitwa sista, na hakuwahi kuniita hivyo.

Ilikuwa ile suti aliyoshonewa ya kujia Marekani. Ilikuwa imembana mabegani. Amenyoa ndevu, amechana nywele, hana kofia, hana manyoya, hana chochote. Alionekana kama mwanamume yeyote.

Jambo la kwanza nililosema, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Umefika saa ngapi?"

"Kabla hamjaingia. Nilibadilisha kule kule makaburini, ndani ya gari. Nikawahi kiti kizuri, karibu na njia."

Nikakumbuka kile kiti.

"Mbona hukunipungia mkono?"

"Nilikupungia," akasema. "Ulinitazama mara mbili. Mara ya pili nikasimama kidogo."

Hakuwa amekasirika, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kama angefoka ningefoka naye, tungemaliza, tungekwenda kula. Aliyasema tu, kwa sauti ile ile aliyonisimulia nayo yule bwana wa lifti. Binti alikuwa ametutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu, akamshika baba yake mkono, akasema kwa Kiswahili, "Baba, pole."

Nilimgeukia nikamwambia, "Kilti iko wapi?"

"Kwenye gari, nyuma."

"Kaivae."

"Sasa hivi?"

"Kaivae, mzee, nakuomba! Tupige picha. Watu bado wapo."

Nilidhani atakimbia kuichukua, kwa jinsi ninavyomjua. Akatikisa kichwa. "La. Uliniomba suruali, na siku bado ni yako." Akanipa maua, akaninyoosha kola ya sare. "Nitaivaa kesho."

Nilimbembeleza mpaka nikakaribia kulia, hapo kwenye ngazi, na sare yangu nyeupe na pini yangu. Miaka yote niligombana na mtu huyu avue, na siku niliyomwomba avae, ng'o! Alivaa ile suti mpaka jioni. Tulikula nayo, tukarudi nayo nyumbani, akaoshea vyombo nayo, tai na yote. Hakuivua mpaka tulipokwenda kulala, na mimi sikuthubutu kumwambia neno.

Kesho yake aliivaa kilti kwenda kununua maziwa. Nilimfungulia mlango.

Picha ile tuliyopigwa na mwenzangu kwenye ngazi ipo ukutani sebuleni, mimi katikati, binti kulia, yeye kushoto na suti yake iliyombana. Wageni wakija husimama mbele yake. Wananisifia sare, wanasifia pini, wanamtaja binti alivyokuwa mdogo. Halafu wanaweka kidole pale kushoto, na wengine ni watu waliokula naye, waliocheka naye, waliopanga foleni kupiga naye picha kule Bowie. Na huyu, wanauliza, ni nani?

Huwa najibu kwa ukali, nao hawajui kwa nini. "Ni bwana yangu," nawaambia. "Mwangalie vizuri."